Usitupe Ruta, Iflashi Kwanza

Ruta ya nyumbani, kile kisanduku kinachogawa intaneti, ikianza kuzingua, wengi wetu hapa Arusha tunaizima na kuiwasha, na hiyo ikishindikana tunashuka mjini kununua nyingine. Ile ya zamani inaishia stoo. Huo ni upotevu wa hela, maana mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima: antena zinashika, adapta haina tatizo, chipu haijaungua. Iliyochoka ni programu iliyotoka nayo kiwandani, ambayo mtengenezaji ameshaacha kuisasisha.

Dawa ipo, na ni ya bure. Unaiondoa programu ya kiwandani na kuweka programu huria, yaani ambayo yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuibadilisha. Huko ndiko kuflashi. Ninayoitumia na kuitetea mimi inaitwa OpenWrt. Mwaka 2003 ilijulikana kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilikuwa inaendeshwa na Linux, mfumo huria, na leseni yake, GPL, inamtaka anayesambaza programu ya namna hiyo atoe msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda. Linksys wakautoa, na mwaka 2004 OpenWrt ikaanzia hapo. Leo inakubali ruta za aina nyingi mno, zikiwemo ambazo watengenezaji wake wameshazisahau.

Kuna suala la usalama. Mwaka 2018 kirusi kilichopewa jina la VPNFilter kilikutwa kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa ruta za kawaida za majumbani na ofisi ndogo. Ruta isiyopata masasisho inabaki na matundu ambayo wahalifu wanayajua, na mwenye nyumba hana la kufanya akibaki na programu ya kiwandani.

Ila sababu inayonigusa zaidi ni foleni ya data kwenye laini ya intaneti. Chukua nyumba ya Sakina au Njiro: mtoto yuko kwenye kipindi cha Zoom, kaka mtu anayeongoza watalii amerudi kutoka Serengeti na anapandisha picha za wageni. Ghafla sauti ya mtoto inamfikia mwalimu ikikatakata. Watu watasema mtandao ni mdogo na kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Kumbe mara nyingi kasi inatosha. Picha zinaingia kwa wingi kuliko laini inavyoweza kuzitoa, kwa hiyo zinarundikana, na kipande kidogo cha sauti kinasubiri nyuma yake mpaka zamu yake ifike.

Kwenye OpenWrt unaongeza programu ndogo ya kusimamia foleni iitwayo SQM, unachagua mpangilio wake unaoitwa cake, kisha unaweka kikomo kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya laini. Kama umepima na laini inapandisha Mbps 10, unaandika 9000, kwa sababu ukurasa ule unahesabu kwa kilobiti. Kuanzia hapo foleni inasimamiwa na ruta yako, na kila mtumiaji anapata zamu. Picha zinaendelea kupanda, mtoto anasikika. Kwa laini ya faiba, yenye kasi tulivu, matokeo ni mazuri sana. Kwa intaneti ya laini ya simu, ambayo kasi yake inapanda na kushuka kutwa, kikomo kimoja hakikai vizuri, hivyo usitegemee makubwa.

Kabla ya yote, pindua ruta usome lebo ya chini. Jina la modeli halitoshi, lazima uone na toleo. TP-Link TL-WR841N toleo la 13 lina MB 8 za hifadhi na MB 64 za RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi. Toleo la 14, lililokuja baadaye, likarudi kwenye MB 4 na MB 32, na hapo OpenWrt ya sasa haiingii. Salama zaidi ni kuanzia MB 16 na MB 128, kama ilivyo Archer C7 toleo la 2. Zenye chipu ya WiFi ya kampuni ya Broadcom achana nazo, nyingi hazina dereva nzuri, yaani programu ya kuiendesha chipu hiyo. Faili unalopakua lazima liwe la modeli hiyo na toleo hilo hilo, maana faili la toleo jingine linaweza kuiua.

Halafu umeme. Ukikatika wakati programu inaandikwa, ruta inaweza isiwake tena, kwa hiyo ichomeke kwenye UPS, betri ya akiba, hata kama mtaa wenu hauna mgao. Tumia kebo, kwa sababu baada ya kuflashi WiFi kwa kawaida huwa imezimwa. Kwenye kivinjari cha laptop fungua 192.168.1.1, ingia kwa jina la root, na jambo la kwanza ni kuweka nywila, kwani inakuja bila nywila. Kama ruta ni mali ya kampuni inayokupa intaneti, usiiguse. Chomeka ya kwako nyuma yake.

Najua si kila mama mwenye nyumba atakaa na laptop kufanya haya, wala sidhani anatakiwa. Hii ni kazi ya fundi. Mafundi wetu wa Friends Corner na wa stendi wanaflashi simu ngumu kuliko hii kila siku, na laptop na kebo wanazo tayari. Mafundi, ongezeni kwenye vibao vyenu maneno mawili: "Tunaflashi ruta." Majirani zangu wenye ruta zimelala stoo nitawaleta mwenyewe.