Gari Liko Salama

Mimi mtu wa Pangani. Nimekulia chini ya minazi, na adabu ya mnazi naijua: tunaogopa nazi, mti wenyewe hauna neno. Hapa Renton, jirani na Seattle, Marekani, ni kinyume. Mvua inaanza Oktoba, na si ile ya masika inayomwaga ikaisha; ni manyunyu yasiyo na haya, miezi mitano. Ardhi inalegea kama uji, na misonobari mirefu kama minara inabaki imesimama kwa hisani tu.

Tarehe 19 Novemba 2024 ikatangazwa dhoruba. Pepo kali za huku kwa kawaida hutoka kusini na miti imeshazizoea. Siku hiyo upepo ulitoka mashariki. Shemeji yangu, mgeni toka Tanga, akautazama msonobari wa mbele ya nyumba. "Shemeji, hili livinje lina nia mbaya."

Mimi nikawaza gari. Ndiyo kwanza nimemaliza mkopo! Nikaliingiza bandani, nikafunga mlango kwa rimoti, nikalala.

Usiku umeme ukakatika. Kisha kishindo, vyombo vikalia kabatini. Mama watoto akanikumbusha kwamba mwanamume wa nyumba ni mimi, nikatazame. Nikamwambia anayetazama ni mwenye tochi, na tochi imo garini. (Watu wawili waliuawa na miti usiku ule jimboni kwetu. Sikuona aibu kubaki chini ya blanketi.)

Saa kumi na moja alfajiri nawahi zamu. Rimoti kimya. Tukajaribu kuuinua mlango kwa mikono, shemeji akiimba harambee kama tunavuta ngalawa. Nusu saa, jasho, hausogei. Ndipo akaona kamba nyekundu inaning'inia darini.

"Na hii je?"

"Usiguse!"

Akaivuta. Mlango ukaachana na mota yake, ukawa mwepesi kama pazia, tukauinua, na msonobari ukaingia. Shina lilikuwa limelala njiani. Matawi yaliyoegemea mlango yakajitoma ndani na maji yake na baridi yake, kama wageni waliochoka kubisha hodi. Kufunga tena haiwezekani.

Nikampigia msimamizi. Akauliza, gari limeumia?

"Halina hata mkwaruzo," nikajibu kwa uchungu.

Wakataji miti walifika siku ya nne.

Asubuhi ile niliingia garini kuchukua tochi. Kwenye kioo kinaning'inia kile kimti cha kadibodi cha manukato, nilichokinunua kwa hela yangu. Harufu ya msonobari. Nikakichomoa, nikakitupa nje kwa hasira.

Kikanasa tawini.