Daktari kasema nendeni, jioni bado tupo wodini

Mzazi akilalamikia hospitali anaambiwa fasta, si mtoto kapona, shukuru Mungu. Na mimi nashukuru kweli. Mwanangu ana pumu, usiku ule akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani, na pale emejensi hakuna aliyetuambia tupange foleni, nesi kambana kile kimashine cha kidoleni, kaona oksijeni iko chini, hapohapo akafungiwa nebulaiza, ile mashine ya kuvutia dawa kama mvuke. Tuliwapita watu waliofika kabla yetu na ndivyo inavyotakiwa, emejensi haiangalii nani kawahi, inaangalia nani yuko hatarini. Hapo sina neno.

Shida ikaja alipotulia. Anatakiwa apande wodini, kitanda hakuna, tukalala kwenye machela koridoni mpaka alfajiri. Kesho yake tena, saa 3 asubuhi, daktari wa raundi akasema huyu yuko vizuri, nendeni nyumbani. Tumetoka saa 12 jioni!

Sasa wanaotetea hospitali wana hoja na siibezi. Mtoto wa pumu haruhusiwi kwa sababu tu kaanza kucheka. Lazima aonekane anamudu masaa 3 mpaka 4 kati ya kuvuta pampu ya dawa na kuvuta tena bila kubanwa, oksijeni iwe juu ya asilimia 94, na mzazi aoneshwe speisa, lile kopo linalochomekwa kwenye pampu, linavyotumika. Ukimtoa kwa kukurupuka atarudi usiku uleule akiwa hoi. Na ile karatasi ya ruhusa sio urembo, bila hiyo daktari wa kliniki hajui mtoto kapewa prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia ya hewa, siku ngapi.

Lakini kwetu hayo ya pumzi na oksijeni yalishakamilika kabla daktari hajafungua mdomo. Yale masaa 9 hayakuwa ya kumwangalia mtoto, yalikuwa ya kusubiri daktari mdogo amalize raundi ya wodi nzima ndio akae aandike karatasi za wote kwa mkupuo, halafu famasia nao wanapokea dawa za wodi zote mchana mmoja, halafu nesi aliye peke yake na watoto kibao apate nafasi ya kutuelekeza.

Ninachokirudia kichwani ni kile kitanda. Tunatoka, mama mwingine kasimama mlangoni na mtoto begani anasubiri shuka zibadilishwe. Yaani tangu saa 3 kitanda chake nilikuwa nimekikalia mimi, sio kwa kupenda, na usiku ule wa koridoni huenda kuna mzazi alikuwa amekalia cha kwetu hivyohivyo, kapewa ruhusa na hatoki. Watu wanaona emejensi imejaa wanadhani wagonjwa wamezidi mlangoni, kumbe mara nyingi kilichoziba ni huku juu, wodi haitoi kwa hiyo emejensi haipandishi, na ambulensi inafika haina pa kumshusha mgonjwa. Mzazi anayeulizia karatasi yake anaonekana hana shukrani wakati anamuombea mtoto wa mwenzie nafasi. Na huyo wako aliyepona bado anavuta hewa moja na wenye mafua na kikohozi.

Dawa za anayetarajiwa kutoka kesho zinaweza kuandikwa leo, na aliyeruhusiwa akasubirie kwenye kiti. Watasema raundi ikianza na wanaotoka, aliye mahututi atacheleweshwa. Basi mahututi waonwe kwanza, wanaotoka wafuate, hawa wa katikati wanaobaki ndio wamalizie, wao hata daktari akiwafikia saa 6 mchana bado kitanda ni chao.