Zilipendwa: miksi ya DJ au albamu ya mkusanyiko?

Wapenzi wa muziki wa dansi wana ubishi usioisha. Ukitaka kuzirudia nyimbo za miaka ya 60 hadi 80, uweke miksi ya DJ inayokwenda saa nzima bila kupumua, au albamu ya mkusanyiko ambayo kila wimbo una mwanzo na mwisho wake? Wa miksi wanasema dansi ni la kuchezwa, si la kufungiwa kabatini. Wa albamu wanasema DJ anachinja nyimbo. Kila upande una hoja, ila naona DJ analaumiwa kwa sababu isiyo sahihi.

Tuanze na huko kuchinja. Wimbo wa dansi wa Tanzania, na ule wa bendi za Kiswahili zilizoweka makazi Nairobi, kwa kawaida una sehemu mbili kubwa. Kwanza kisa: mwimbaji anaeleza yaliyomkuta, wenzake wanaitikia, magitaa yanatembea taratibu. Halafu linakuja chemko, au sebene kama wengine wanavyoita: maneno yanapungua, gitaa la solo linapanda, midomo ya bata, yaani saksafoni, inajibu, waliokaa wanainuka. Upande mmoja wa santuri ndogo haukubeba zaidi ya dakika nne au tano, kwa hiyo wimbo uligawanywa, sehemu ya kwanza huku na ya pili kule. Mara nyingi mgawanyo uliangukia karibu na mahali chemko linapoanzia. Yaani kisu kilipita kabla DJ wa leo hajazaliwa. Tofauti ni kwamba ukiigeuza santuri, nusu ya pili ulikuwa unaikuta.

DJ wa leo anachagua nusu moja, na uchaguzi wake unategemea anampigia nani. Kwenye harusi anachukua maneno, maana watu wanataka kuimba pamoja. Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika: ukumbi mzima utamwimbia yule bwana anayeuliza hasira ni za nini ilhali kila mtu ana wake nyumbani, na kabla magitaa hayajaanza kuzungumza vizuri, DJ ameshaondoka. Kwenye miksi za safari, zile zinazopigwa kwenye mabasi ya mikoani, mambo yanageuka: kisa kinarukwa, unapewa chemko juu ya chemko. Hapo ndipo wazee wanapokasirika, na mimi niko nao. Chemko lina utamu kwa sababu umelisubiri. Ukipewa kumi mfululizo bila kusubiri hata moja, kufikia la nne sikio limechoka.

Lakini kosa hilo si la miksi yenyewe, ni la mwendo wake. Desturi ya kubadilisha wimbo kila baada ya dakika moja na nusu imetoka kwenye Bongo Fleva na dancehall, muziki unaotengenezwa kwa kompyuta na kwenda kwa mapigo yasiyoyumba. Bendi za dansi zilirekodi moja kwa moja, wapigaji wote chumba kimoja, na mpiga drams alikuwa mtu. Chemko likikolea, mwendo unapanda kidogo bila mtu kukusudia. DJ akibonyeza kitufe cha kulinganisha mapigo, programu inashika mwendo wa mwanzo wa wimbo, na dakika mbili baadaye tumba za wimbo unaotoka zinagongana na za unaoingia. Utasikia kishindo kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kupokezana. Ndiyo maana wengi wanakimbilia kukata ghafla na kufunika kiungo kwa mwangwi au kwa sauti inayotaja jina la DJ, na mara nyingi sauti hiyo inaangukia juu ya mwimbaji. DJ mwenye subira anauacha wimbo dakika sita, anangoja magitaa yaanze kufifia, ndipo anaingiza mwingine. Wapo wanaofanya hivyo, ingawa ni wachache.

Upande wa albamu, sifa yake inajulikana: wimbo mzima, sauti iliyosafishwa, na kijitabu kinachoeleza bendi ilikuwa ya nani. Mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, unaosimamiwa na Werner Graebner, umefanya kazi kubwa: toleo la 3 ni la Tanzania ya miaka ya 60, la 5 ni la Dar es Salaam ya 1978 hadi 1983. Kabla ya hapo London ilitoa "Guitar Paradise of East Africa" mwaka 1990 na "Kenya Dance Mania" mwaka 1991, zote za kampuni ya Earthworks.

Swali ni nani alichagua, na alimchagulia nani. "Kenya Special" ya kampuni ya Soundway, iliyotoka mwaka 2013 ikiwa na nyimbo 32, ilitafuta kwa makusudi zile zilizochapwa nakala chache na zenye mlio wa kipekee. Ni albamu nzuri sana. Ila ukimpigia mtu aliyekuwa kijana Nairobi mwaka 1978, nyingi atazisikia kwa mara ya kwanza. Hiyo si kumbukumbu yake, ni ugunduzi wa mtu mwingine. DJ wa zilipendwa hawezi kujiruhusu hilo. Akipiga nyimbo tatu ambazo ukumbi hauzijui, watu wanarudi kukaa. Kwa hiyo ukitaka kujua kipi hasa kilipendwa, miksi ni shahidi mkweli kuliko albamu, hata kama ni shahidi anayekatisha maneno.

Na kupanga nyimbo ni kazi. Mwaka 2013 kampuni ya Ministry of Sound ya Uingereza iliishtaki Spotify kwa sababu watumiaji walinakili mpangilio wa albamu zake za mkusanyiko kwenye orodha zao. Hoja yake ilikuwa kwamba kuchagua na kupanga ni kazi yenye haki zake. Mwaka uliofuata walimalizana nje ya mahakama. Kwetu mpangilio una maana zaidi, kwa sababu bendi zilishindana kwa mitindo. DJ akiweka Sikinde ya Mlimani Park kisha akaijibu kwa Msondo ya JUWATA, anarudisha mpambano uliogawa Dar es Salaam. Albamu inayoziweka bendi hizo kurasa mbalimbali za kijitabu inakupa historia, lakini haikupi ubishi wenyewe.

Jambo ambalo halina utetezi ni majina. Miksi nyingi zinaandikwa "Zilipendwa Non-Stop" na hapo basi. Msikilizaji anabaki kuuliza ule wa dakika ya 34 unaitwaje, na anajibiwa na msikilizaji mwenzake, wakati mwingine kwa jina lisilo lake. Marijani Rajab anapewa wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, Maquis wanapewa wa Safari Sound. DJ aliyekuwa na faili mbele yake alishindwa nini kuandika orodha?

Kuhusu malipo, wa albamu wanajiona wasafi kwa sababu wana leseni. Leseni ni bora kuliko kutokuwa nayo, lakini nyingi ya bendi hizi zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ikaingia chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wa mshahara. Kumlipa anayeshika haki si lazima iwe kumlipa aliyepiga solo. Miksi ikipandishwa YouTube, mtambo unatambua rekodi na mapato ya matangazo yanaweza kwenda kwa yeyote aliyewahi kuisajili, ambaye naye si lazima awe na uhusiano wowote na bendi. Mjane wa mpiga besi hana cha kushangilia upande wowote.