Nilimuuliza Maswali Sita, Wala Hakununa

Juzi usiku naosha vyombo, simu ikaita. Mzee mmoja wa Iowa anataka kukodi kampa yetu, lile tela la kulala, kwa siku nne, mkewe ana miadi hospitali. Nikamtumia maswali yangu sita, yale yale ninayomtumia kila mtu: mnakuja wangapi, mnafuata nini huku, mmewahi kulala kwenye kampa, mna mbwa, kuna anayevuta sigara, mtafika saa ngapi. Nikamwomba na kitambulisho. Dakika nne hazijaisha, majibu yote yameingia pamoja na picha ya leseni yake, na chini kaandika: asante kwa kuwa makini, mke wangu atalala kwa amani.

Asante! Nimemhoji mtu mzima mpaka habari za mbwa wake, naye ananishukuru. Nilikaa kitini na mikono yangu ya povu nikaikumbuka kwetu Tanga.

Kwa wasionijua, naishi Rochester, Minnesota, Marekani, mji wenye hospitali kubwa ya Mayo Clinic. Wagonjwa wanatoka kila pembe ya dunia, na si kila familia inaweza kulipa hoteli wiki mbili. Mimi na mume wangu tulinunua kampa iliyotumika, lile tela lenye kitanda, jiko la gesi na choo ndani, tukaiweka kwenye kambi ya magari hayo nje kidogo ya mji. Tunapangisha kuanzia Mei mpaka Oktoba. Baada ya hapo baridi inapasua mabomba, kwa hiyo tunakausha maji yote na kuyajaza ile dawa ya rangi ya waridi isiyoganda.

Sasa hebu muulize mtu wa kwetu mnakuja wangapi. Utasikia: "Kwani huniamini?" Na si kwamba nyumbani hatuchunguzi watu. Gesti yoyote ina daftari lake, unaandika jina, kabila, unakotoka, unakokwenda. Mpangaji anatumwa akalete barua ya serikali ya mtaa. Lakini yote hayo ni ya mtu asiye na mtu. Ukija umeshikwa mkono na mjomba wa fulani, daftari linafungwa na funguo unapewa. Sisi tunauliza nani kakuleta. Huku wanauliza umekuja kufanya nini. Mimi baada ya miaka kumi na minne nasema wazi kwamba swali la pili ni bora, na sioni aibu kulisema.

Agosti mwaka jana nilijaribu njia yetu. Kijana wa rafiki yangu wa utotoni, anasoma jimbo la jirani, aliniomba wikiendi moja. "Aunty, ni mimi na mwenzangu tu." Sikumuuliza swali hata moja. Ningeanzia wapi? Mama yake tumekula naye sahani moja pale Ngamiani. Jumapili jioni nilipofungua mlango harufu ilinipokea kabla sijapanda kidato. Walilala watu wanane. Choo cha kampa hakina bomba la kwenda mtaroni, kina tangi dogo chini yake, na ukitupa vile vitambaa laini vya kufutia watoto vinajikunja kama kamba na kuziba kila kitu. Walivitupa pakiti nzima. Mtungi wa gesi mtupu, turubai la kivuli limechanika kutoka ncha hadi ncha kwa sababu waliliacha wazi kwenye upepo. Fundi alichukua dola 640. Na familia iliyokuwa ifike Jumatatu, mtoto wao akifanyiwa upasuaji Jumanne, nikaipigia kuiambia hakuna pa kulala. Ile simu ndiyo iliyoniumiza, kuliko dola zote hizo.

Nilipomwomba kijana angalau nusu, nani alinipigia? Mama yake. "Mwenzangu, kampa ni bati. Undugu wetu je?" Sikubishana naye. Niliuliza hali ya wazee, tukaagana.

Haya, najua mnachoandika huko chini. Kafika Marekani kajiona Mzungu. Kasahau alikotoka. Jamani, sijasahau. Nimelelewa nyumba ya vyumba sita ambayo bibi hakumuuliza mgeni anakaa siku ngapi, na ubwabwa ulipikwa na wa mtu ambaye hajafika. Najivunia hilo mpaka kesho. Lakini nyumba ya bibi alikuwemo bibi. Alikaa barazani, anaona nani anaingia na nani anatoka, na mgeni akikosea anaambiwa usoni kabla ya chai ya jioni. Na hao hao wazee ndio waliosema siku ya tatu mpe jembe. Walikuwa na masharti yao, wakiyasema kwa sauti, na mgeni hakununa. Sisi tumebakiza ukarimu tukatupa jembe, halafu mwenye nyumba akilalamika tunamwita mchoyo.

Tena msidhani nasifia huku kila kitu. Usiku wangu wa kwanza nchi hii, theluji imefika magotini, aliyenipokea ni dada mmoja kutoka Kisii ambaye sikuwahi kumwona maishani mwangu. Rafiki wa rafiki. Alinivalisha koti lake, nikalala sebuleni kwake wiki tatu. Angeniuliza maswali sita nisingekuwa na jibu la hata moja, maana sikujua nitakaa siku ngapi wala nitakula nini kesho. Hilo linanisumbua kila ninapoandika maswali yangu, na sina jibu lake zuri, ila hili moja: mimi sikujificha. Alijua tangu mwanzo kwamba nimekuja mikono mitupu.

Na wapo wanaosema uchunguzi ni ubaguzi uliovaa suti. Hao nawaelewa zaidi, kwa sababu yamenikuta. Tulikuwa tunaenda harusi Chicago, wenyeji watatu wa nyumba za kupangisha wakaniambia pamejaa. Mwenzangu kazini, mwenye jina la Kizungu, akaomba kwa mmoja wao siku hiyo hiyo akapewa. Mwaka 2017 watafiti wa Harvard walichapisha walichokiona baada ya kutuma maombi kwa wenyeji kama 6,400 wa Airbnb, ule mtandao wa kupangishia wageni nyumba, katika miji mitano: wenye majina yanayosikika ya Wamarekani weusi walikubaliwa mara chache zaidi, pungufu kwa asilimia 16. Ndiyo maana mimi nasoma majibu kwanza, jina na picha baadaye. Na ndiyo maana maswali ni yale yale kwa wote. Ninayemkataa ni anayetaka kulipa kwa cheki yenye pesa ya ziada ili nimrudishie chenji, au anayeishi mji huu huu anataka Jumamosi moja tu na hataki kusema wanakuja wangapi. Nywele zake na dini yake hazinihusu, na kule kwetu tungeanza na hayo.

Wiki iliyopita binamu yake yule kijana kaniandikia WhatsApp: "Aunty, Julai naja na washkaji, nishikie ile kampa." Nikamtumia maswali sita, na la saba la vitambaa vya chooni. Tiki za bluu zilitokea hapo hapo. Mpaka leo kimya. Dada yangu Tanga kashanipigia kuuliza kwa nini namsumbua mtoto wa watu.

Tarehe zake nimezishika mpaka Jumapili.