Neno Likishataja Jina na Nyumba

Msimu wa korosho ukifunguliwa, ni vigumu kupita Tandahimba, Newala au Liwale bila kusikia kiongozi wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima akiitwa mwizi. Anaitwa hivyo kwenye mizani, kwenye mkutano mkuu wa chama, na kwenye grupu la WhatsApp la kijiji. Wapo wanaotaka maneno hayo yakomeshwe kwa kuwa yanachafua majina na kuvuruga amani. Napinga kabisa. Aliyeshika fedha za watu akiitwa mwizi, jibu lake ni karatasi ukutani: bei ya mnada kwa kilo, ushuru wa halmashauri, usafirishaji, ghala, cha chama kikuu, cha chama cha msingi, kinachobaki kwa mkulima, na tarehe fedha zilipoingia benki. Mkulima atachukua stakabadhi yake, atazidisha kwa kilo zake, ataona mwenyewe. Hesabu ikikubali, tuhuma imekwisha. Ikikataa, basi yule aliyepiga kelele ametoa taarifa muhimu kwa kijiji kizima.

Sasa chukua sauti fupi iliyorushwa usiku kwenye grupu hilohilo. Inaanza kwa salamu na dua. Haina tusi hata moja. Inasema bibi fulani, wa kitongoji fulani, nyumba ya tatu baada ya kisima, ndiye anayewamaliza watoto wa ukoo. Bibi huyo atabandika karatasi gani? Tuhuma ya uchawi haina mizani ya kuipima. Akinyamaza, ataambiwa amekiri. Akilia, ataambiwa anaigiza. Akihama, ataambiwa amekimbia. Na mahali anapolala pameshatajwa.

Tukipima maneno kwa ukali wake, tutamfunga mkulima na kumwacha mwenye sauti ya upole. Mimi naweka mpaka mahali pengine. Madhara yanaanza pale tuhuma isiyopimika inapomwangukia mtu asiye na uwezo wa kujibu, ikiwa na jina lake na mahali alipo, mbele ya watu wanaoweza kumfikia kabla hakujapambazuka.

Watu wa kusini wanaujua mpaka huu kuliko wanavyodhani, kwa sababu wamekulia kwenye utani. Mtani anaingia msibani, anasema marehemu alikuwa mchoyo, anadai sanda, anawazuia wachimba kaburi mpaka apewe kitu. Hakuna anayekwenda polisi. Maneno yale ni makali, lakini yana ulinzi wake: anayesema anajulikana, anayeambiwa ana haki ya kurudisha, na kila aliyepo anajua kanuni. Ile sauti ya usiku haina hata kimoja kati ya hivyo. Aliyeirekodi hajulikani, aliyetajwa huenda hana hata simu, na waliosikia hawajui imetoka wapi.

Wataalamu walioitwa na Umoja wa Mataifa walikubaliana mwaka 2012, katika kinachoitwa Mpango wa Rabat, mambo sita ya kutazama kabla ya kuliita neno uchochezi wa kuadhibiwa: hali ilivyo wakati neno linasemwa, nafasi ya msemaji, nia yake, maudhui na namna ya kusema, upana wa kuenea, na uwezekano kwamba dhara litatokea karibuni. Kwangu hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalosahaulika zaidi. Mahakama iliyoketi hapahapa nchini, Arusha, kuhukumu mauaji ya Rwanda ililazimika kulipima. Novemba 2007 chumba chake cha rufaa kiliyatenganisha matangazo ya RTLM, redio ya Rwanda: ya kabla ya 6 Aprili 1994 yalikuwa na chuki, lakini haikuthibitika kwamba yalichochea mauaji ya kimbari moja kwa moja; lakini baadhi ya yale yaliyofuata, mauaji yakiwa yameshaanza, yalihesabiwa kuwa uchochezi. Redio ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa jina likitajwa hewani, mwenye panga alikuwa ameshasimama barabarani.

Mtwara ina mfano wake. Desemba 2012 watu waliandamana mjini kwa amani wakipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Neno lao, "gesi haitoki", lilikuwa hoja ya siasa, na Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake. Yaliyofuata mwaka 2013, Januari na tena Mei baada ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini kusomwa, yalikuwa jambo jingine: nyumba za viongozi zilichomwa moto, mali ikaharibiwa, watu wakafa. Ibara ya 30 inasema haki ya mmoja isitumike kukatiza haki za wengine, na nyumba ya mtu ni haki yake hata kama unachukia msimamo wake. Lakini kuna kosa linalorudiwa katika kulisimulia jambo hili, la kuyafunga maneno yote ya miezi ile kwenye fungu moja la uchochezi. "Gesi haitoki" ilistahili jibu la hoja. "Twende kwa fulani" ilistahili polisi. Aliyeyachanganya hayo mawili alimnyima jibu mwenye hoja na kumpa mchomaji mahali pa kujificha.

Sheria zetu nazo zinachanganya. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote, kwa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia kama vile kukashifu, kutishia au kudanganya umma. Angalia namna kukashifu na kutishia vilivyowekwa kapu moja. Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema tarehe 28 Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwemo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Neno lisilo na kingo huachia mwenye nguvu achague wa kumkamata, na ni mara chache atamchagua yule aliyemtaja bibi wa kijijini.

Uvumi kama ule wa bibi hukua panapokosekana taarifa. Julai 2022 huko Ruangwa watu walipata homa na kutokwa damu puani. Wagonjwa 20 waliripotiwa na watatu walifariki. Vipimo vya Ebola na Marburg vilirudi safi, na Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa unaotoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, kupitia maji na udongo, na unaotibika kwa antibayotiki. Fikiria kama tangazo hilo lisingetoka. Damu puani bila maelezo, katika nchi ambako mzee mwenye macho mekundu ya moshi huweza kuitwa mchawi, hutafuta mtu wa kubebeshwa. Kwa hiyo mganga mkuu wa wilaya anayesema mapema "tumechukua sampuli, majibu bado, chemsheni maji" analinda uhai wa aina mbili. Vivyo hivyo mpakani. Baada ya Kitaya, kijiji cha Mtwara kilicho kando ya Ruvuma, kushambuliwa na wapiganaji kutoka Msumbiji Oktoba 2020, hofu ilikuwa ya haki kabisa, na kila aliyeona kitu alipaswa kukisema kwa vyombo vya usalama. Kuirusha picha ya mgeni aliyevuka Ruvuma kuja kuzika, na kuandika chini yake "gaidi", ni kitu tofauti. Wamakonde wana ndugu pande zote mbili za mto. Mgeni wa aina hiyo ni shemeji wa mtu.

Basi admini wa grupu afanye nini sauti kama ile ikiingia? Kwanza apige skrinshoti inayoonyesha namba iliyotuma, tarehe na saa, na aihifadhi sauti yenyewe. Wengi hukimbilia kufuta, na kesho polisi wakiuliza, ushahidi haupo. Akishahifadhi, ndipo aifute kwa wote. WhatsApp humruhusu admini kufuta ujumbe wa mwanachama. Atazame kama ina mishale miwili, maana yake imeshapita mikono mitano au zaidi kabla ya kufika hapo, na aliyeirusha kwenye grupu huenda siye aliyeirekodi. Kisha apige simu kwa ndugu wa aliyetajwa, halafu kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, na polisi kata. Simu, kwa sababu ujumbe wa maandishi unaweza kusomwa asubuhi. Kama kuna msiba kijijini siku hiyo, hasa wa mtoto, aseme hivyo wazi kwenye simu, na bibi alale kwa ndugu wa mbali usiku huo.

Yapo makosa ya nia njema yanayoua. Moja ni kukanusha kwa kurudia jina: "Si kweli kwamba bibi fulani ni mchawi." Ambao hawakuwa wamesikia, sasa wamesikia. Andika tu kwamba kuna sauti ya uzushi, imefutwa, imepelekwa polisi. Jingine ni kumwongeza mtuhumiwa kwenye grupu ili ajitetee, yaani kumleta kwenye kesi isiyo na hakimu. Baya kuliko yote ni mwenyekiti kuitisha mkutano wa hadhara ili "kumsafisha". Umati ambao ulikuwa umetawanyika majumbani unakusanywa sehemu moja, mchana, naye akiwa katikati.

Kwa redio zetu za Mtwara na Lindi zinazopokea simu za wasikilizaji, kanuni ni fupi. Chukua namba na mahali anapopigia kabla hajaingia hewani. Mwambie anaweza kumsema mbunge, waziri, chama chake cha msingi na hata mtangazaji, kwa jina na kwa ukali anaoutaka, mradi azungumzie kazi zao. Jirani yake asimtaje. Akimtaja, shusha sauti hapohapo, usilirudie jina hata kwa kuomba radhi, na endelea na simu inayofuata.

Na wabunge watakapokirudia kifungu cha 16, waanze kwa kutenganisha. Kukashifu kuende kwenye madai, mtu adai fidia yake mahakamani. Kumtaja mtu na makazi yake pamoja na tuhuma inayoweza kuleta umati mlangoni pake kuwe kosa la peke yake, lenye amri ya ulinzi inayotolewa siku hiyohiyo, na mtu asitiwe hatiani mpaka mwendesha mashtaka aonyeshe dhara lilikuwa karibu kiasi gani.