Kusafisha Damu Usiku: Mishipa Inapata Nini, Inapoteza Nini?

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi kwa kawaida huunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Katika saa hizo chache maji yaliyojikusanya kwa siku 2 au 3 huondolewa kwa kasi, shinikizo la damu huweza kuporomoka, na moyo wenyewe huweza kupungukiwa damu. Kusafisha damu usiku mgonjwa akiwa amelala, kwa saa 6 hadi 8, hata usiku 6 kwa wiki, utaratibu ulioanzishwa Toronto mwaka 1994, huondoa maji yale yale polepole.

Manufaa yake kwa mishipa si ya kubuniwa. Shinikizo hupungua, mara nyingi pamoja na idadi ya dawa, na utafiti mdogo wa Toronto wa mwaka 2003 uliona mishipa ikirudisha uwezo wake wa kutanuka. Kwangu hoja nzito zaidi ni fosfeti. Madini haya yakizidi, chembe za misuli katika kuta za ateri hugeuka na kuanza kufanya kazi kama chembe za mfupa, ukuta ukakakamaa kwa kalsiamu. Mashine huyaondoa taratibu kwa sababu mengi yamejificha ndani ya chembe, kwa hiyo urefu wa muda ndio unaoamua. Wapo wagonjwa wa usiku wanaoacha kabisa vidonge vya kuzuia fosfeti.

Hata hivyo, majaribio yenye ulinganisho hayakubaliani. Lile la Alberta, Kanada, lililochapishwa mwaka 2007 likiwa na wagonjwa 52, lilionyesha unene wa moyo ukipungua. Jingine la Amerika Kaskazini la mwaka 2011, lenye wagonjwa 87, halikuthibitisha hilo, ingawa shinikizo na fosfeti vilishuka. Ufuatiliaji wake wa mwaka 2015 ulikuta vifo vingi zaidi katika kundi la usiku; tokeo hilo lisipuuzwe, japo wagonjwa walikuwa wachache na vifo katika kundi la kawaida vilikuwa vichache kuliko ilivyozoeleka.

Tena upo mshipa mmoja unaosahaulika katika mjadala huu, nao ni fistula ya mkononi, yaani vena iliyounganishwa na ateri kwa upasuaji ili sindano za mashine zichomwe hapo. Huo haunufaiki na utaratibu wa usiku, bali huchomwa sindano karibu maradufu, na katika jaribio la 2011 matatizo yake yalielekea kuongezeka. Figo zilizokuwa bado zikitoa mkojo kidogo nazo zilinyamaza mapema zaidi. Ndiyo maana ningemshauri kwa moyo mweupe mgonjwa asiyetoa mkojo tena, ambaye fosfeti na shinikizo vimemshinda, lakini ningesita kwa yule ambaye bado anakojoa na ambaye fistula yake ni dhaifu.