Koo za Mbali na Koo Zetu Hapa Tabora

Hapa Tabora huwa naulizwa nafaidika nini kukesha nikiunganisha sensa za Marekani na miti ya koo za watu nisiowajua. Hailipwi, kweli. Lakini ni kazi ya heshima, na natamani vijana wetu wengi waingie.

Kazi hii naifanya kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafutia na kujengea miti ya koo, na kujiunga ni bure. Majina ya sensa za zamani yameshachapwa. Anayejitolea anaamua tu kama mtu wa kwenye karatasi ndiye yule wa kwenye mti. Jina peke yake halitoshi hata kidogo. Angalia umri, alikozaliwa, mke, watoto na nani kamtangulia nani. Vikigongana, acha. Ukilazimisha, umemwingiza marehemu kwenye ukoo usio wake, na watakaokuja nyuma yako watajenga juu ya uongo huo.

Sensa ya mwaka 1900 ndiyo inayonigusa zaidi. Kina mama waliulizwa wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Unakuta mama kaandikiwa wanane, kisha watano. Watatu wako wapi? Karatasi za sensa ya 1890 karibu zote ziliharibika baada ya moto wa Washington mwaka 1921. Mtoto aliyezaliwa baada ya sensa ya 1880 akafariki kabla ya 1900, mara nyingi hana alama nyingine kwenye sensa zaidi ya ile tofauti ya nane na tano. Mwenye haraka anampita.

Jicho hilo tunalihitaji huku kwetu. Ukikuta Mnyamwezi anaitwa Shija, ulizia mapacha waliomtangulia, Kulwa na Doto, hata kama nyumbani hawatajwi tena.

Sensa yetu ya Agosti 2022 haitoi majina ya watu, sheria inawalinda, na ni sawa kabisa kwa walio hai. Wamarekani hufungua zao baada ya miaka 72, ndiyo maana ya 1950 ilitoka Aprili 2022. Nasi tungejiwekea muda wa namna hiyo. Lakini tusikae tukisubiri wakati parokia zina daftari za ubatizo zenye majina ya wazazi na wasimamizi, pengine na ndoa iliyofuata ikiwa imeandikwa pembeni. Na wazee wapo bado, wanaokumbuka nani alikwenda umanamba kwenye mkonge wa Tanga akaoa hukohuko.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Tabora na Kigoma, simu unayo. Mwendee babu au bibi, omba ruhusa, umrekodi. Andika nani kasema, lini, na yeye alijuaje. Wazee wawili wakipishana, usichague wa kumwamini. Andika maneno ya wote wawili, kila moja na jina la msemaji.